Eti "chokaa ni ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira"! Nimetukanwa leo mbele ya watu wote

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule wa kofia ngumu isiyowahi kuona vumbi, ambaye ukimpa jengo la kale asubuhi, jioni limeshakuwa vioo na jipsamu. Leo zamu yangu imefika.

Tulikuwa kwenye ukaguzi wa lile ghala linalogeuzwa maktaba. Wazo lenyewe naliunga mkono, jengo lisilotumika hufa. Lakini ukuta ule ni wa mawe na chokaa, mnene kuliko kitanda, na wameupiga plasta ya saruji ndani na nje! Nikauliza kwa adabu: unyevu utatoka kupitia wapi? Chokaa inapumua, saruji inaufungia humohumo, chumvi inapanda, mwisho plasta inavimba na mawe yanameguka. Akanitazama juu hadi chini: "Mzee, chokaa ni ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira."

Uwanja wa mpira! Watu walicheka mpaka majukwaa ya mafundi yakatikisika. Kijana mmoja alicheka hadi futi kamba ikamponyoka.

Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema wazi: lipe jengo la kale kazi ya kufaa jamii, ila mpangilio na mapambo yake usiyabadili. Kituo cha treni cha Orsay, Paris, ni makumbusho tangu 1986 na saa yake kubwa ipo palepale. Mitambo ya umeme ya Bankside, London, ikawa makumbusho ya sanaa ya Tate Modern mwaka 2000, ukumbi wa mitambo ukabaki ukumbi. Huyu kashindwa kuuacha ukuta! Ukuta tu! Halafu ananiambia mistari ya uwanja. Mbele ya watu wote.

Mwiko_Mkavu: Pole sana mkuu. Huyohuyo ndiye aliyeng'oa milango ya mbao za kuchonga kwenye lile jengo la mahakama ya zamani, akaweka alumini. Nililia.

Refa_Mstaafu: Mkuu, na penalti inapigwa hatua ngapi kutoka kwenye huo ukuta? 😂😂

Mwanzisha uzi: Chekeni. Misimu miwili ya mvua tu, vitabu vitaota ukungu. MISTARI YA UWANJA, jamani!

Binti_Ngazi: Nyie wapenda chokaa mnachosha. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Kila jengo la kale likifunguliwa kwa umma tunakuta ngazi 12 mlangoni, tukiomba lifti tunaambiwa "tunalinda historia". Historia ya nani?

Mwiko_Mkavu: Lifti inawekwa bila kuharibu, dada. Inajengwa pembeni, na siku ikiondolewa jengo linabaki zima. Kanisa la Wadominiko la Maastricht, Uholanzi, ni duka la vitabu siku hizi, na rafu yake ya chuma, ghorofa kadhaa, imesimama yenyewe bila kushikizwa ukutani.

Sikio_Bovu: Msinitajie makanisa. Hili letu limefanywa ukumbi wa mikutano na hakuna aliyefikiria mwangwi. Mwenyekiti akikohoa mara moja tunasikia wagonjwa watatu.

Refa_Mstaafu: Afadhali mwangwi. Gereza la zamani limefanywa nyumba ya sanaa, wageni mia, vyoo viwili. Foleni ndefu kuliko kifungo chenyewe.

Binti_Ngazi: Na hivyo viwili havina mlango mpana. Nimepima.

Mwanzisha uzi: Lakini ile kauli yake kuhusu chokaa hamuioni?

Sikio_Bovu: Tumeiona mkuu. Binti_Ngazi, mlango wa choo ulipata sentimita ngapi?

Binti_Ngazi: 61. Kiti hakiingii hata kwa kukisukuma.

Panya_wa_Maktaba: Samahani nawaingilia. Nasoma kwenye jengo la kale lenye kuta nene kama hizo, intaneti haishiki kabisa. Nani amepata dawa?

Refa_Mstaafu: Kaa dirishani.

Panya_wa_Maktaba: Dirishani pameshajaa.