Tupeane uzoefu: mizizi kuoza kwenye chumba cha kupandia ndani, wewe ilikutokeaje?

mwana_tudor
Wakuu salama? Nafungua uzi huu maana nimechoka kulia peke yangu. Nina chumba kimoja ghorofani hapa Tudor, Mombasa, madirisha nimeziba na plastiki nyeusi, taa za LED juu, mabomba ya PVC nimetoboa matundu napanda saladi na dania kwa maji bila mchanga. Mwezi wa pili miche 60 ilinilalia ndani ya siku nne. Kilichonitia wazimu ni kuwa majani yananyauka na maji yamejaa tele, mimi nikadhani ni njaa nikaongeza mbolea, kumbe ndio naimaliza. Nlipong'oa mche mmoja mizizi imekuwa rangi ya chai, yateleza kama bamia, na ukiivuta ile ngozi ya nje inachomoka yote unabaki na uzi mwembamba mkononi. Harufu yake usiniulize.

Nikaosha chumba chote kwa Jik nikaanza upya. Wiki ya tatu, yale yale. Nikaosha tena, yale yale. Mara ya tatu ndio nikakata kile kipira chembamba cha pampu ya hewa kwa wembe, ndani kumejaa utelezi wa kahawia! Stima ikipotea maji hurudi nyuma mpaka ndani ya kipira, na mimi sikuwahi kukigusa kwa sababu kwa nje ni kisafi. Na lile jiwe la kutoa mapovu ni lile lile tangu siku ya kwanza. Yaani nafua shuka na kunguni wako godoroni.

Haya, semeni nanyi.

bi_nanaa
Pole mwanangu. Mimi niko Mji wa Kale, sina pampu wala sina stima ya kuchezea. Nanaa yangu napanda kwenye ndoo kwa ile mbinu ya profesa Kratky wa Hawaii, maji yametulia tu, mmea ukiyanywa yanashuka na ile nafasi inayobaki juu ndio mizizi inapumulia. Ilikuwa inaenda vizuri mpaka nikaenda Lamu kwa harusi siku tano nikamwachia kijana wangu wa mwisho. Mtoto mtiifu kupita kiasi, kila asubuhi anajaza ndoo mpaka kwa shingo. Narudi nanaa yote imelala chali. Sikumkaripia, ntamkaripiaje na mimi ndiye niliyemwambia "maji yasiishe". Ile mizizi ya juu ishazoea hewa, ukiizamisha inakosa pumzi inakufa, na ikishakufa basi wewe umeshawaandalia karamu hao wadudu. Siku hizi nikiongeza naishia nusu ya ndoo.

fundi_bomba
Nyote mwasema uchafu, mimi nasema joto. Niko Kisauni, tangi langu liko juu ya paa, msimu wa kaskazi saa nane mchana nlitia kipimajoto nkapata 36, mmea utakaa vipi hapo? Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 hayabebi zaidi ya 7.5 hivi, na mizizi nayo ikipata joto yataka kupumua zaidi. Huku kinaongezeka kile kinapungua. Alafu huyo mdudu mwenyewe anayeozesha mizizi, Pythium, watu humwita kuvu lakini si kuvu hasa, mbegu zake zina mikia zaogelea majini kutoka mche huu hadi ule, ndio maana kwa mabomba yaliyounganishwa akiingia mmoja wameingia wote. Na kuna aina yake inayopenda joto la kwetu haswa.

Ninachofanya: chupa za lita moja na nusu najaza maji nagandisha kwa friji, natia moja kwa kila ndoo ya lita 20, moja asubuhi moja baada ya adhuhuri. Chupa yenyewe iosheni nje kwanza, msitoe uchafu wa samaki kwa friji mkatumbukiza humo. Ndoo nimepaka rangi nyeusi halafu nyeupe juu yake, nyeusi yazuia mwangaza usizalishe ukijani, nyeupe yarudisha joto. Na stima ikipotea nina kile kipampu cha betri cha watu wa samaki wa mapambo.

dada_wa_bamburi
Fundi hiyo ya chupa naikubali lakini friji ya kwangu ina nyama ya watu sita, sina nafasi.

Mimi naja na onyo. Nlikuwa nataka kuondoa ile chumvi nyeupe inayoganda kwa beseni, si mwajua maji ya visima vya huku, nkatia siki. Nkaona bado pachafu, nkamwagia Jik juu yake. Chumba kimefungwa, feni nimezima kisa vumbi lisiingie. Jamani! Macho yakawasha, kifua kikabana, nkatoka mbio na kanga kichwani nikikohoa mpaka jirani akadhani nyumba yaungua. Ile ni gesi ya klorini, huzalika Jik ikikutana na siki, na ikikutana na ile dawa ya vioo yenye amonia pia kunatoka gesi nyingine mbaya vile vile. Siki siku yake, suuza, kausha, Jik siku nyingine, na mlango wazi.

mwana_tudor
Dada pole sana, hilo sikulijua na siki mimi natumia pia!

Nilivyojifunza kwa hasara zangu: sabuni kwanza, Jik baadaye. Jik ikikuta utelezi inaishia kupigana na utelezi, haifiki kwa mdudu. Nasugua kwa brashi ya chupa na sabuni, nasuuza, ndio natia kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe tisa vya maji, naloweka dakika kumi, nasuuza sana, naanika juani. Mchanganyiko ni wa siku hiyo hiyo, ukilala unapoteza nguvu. Vipira na mawe ya mapovu sioshi tena, natupa nanunua vipya, bei yake haifiki bei ya miche 60.

likoni_ferry
Mie hasara yangu ni ya ujuaji. Nlinunua Trichoderma, ile kuvu nzuri inayopigana na zile mbaya, pesa si kidogo, nkaitia kwa maji. Kesho yake nkaona povu nkaogopa nkatia peroksaidi ya duka la dawa, ile ya kuua vijidudu. Nkaua askari na mwizi kwa pamoja, na wa kwanza kurudi alikuwa mwizi. Chagueni njia moja, ama mwafuga ama mwaua.

Na vile vijinzi vyeusi vidogo vinavyorukaruka kwa miche musividharau, hubeba ugonjwa miguuni. Natega karatasi za manjano zenye gundi.

bi_nanaa
Wanaopanda kwa makumbi ya nazi: ukiyaokota kwa muuza madafu usiyatie hivyo hivyo. Nayakatakata, naloweka siku mbili nikibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi, halafu namwagia maji yanayochemka ndani ya gunia nafunika yapoe yenyewe. Yale yaliyotumika na mmea uliooza mimi hutupa. Kuna anayeyachemsha na kuyarudia, haya, pesa ni zake.

fundi_bomba
Na viatu je? Mtu atoka shambani na matope anaingia chumbani moja kwa moja.

mwana_tudor
Niliweka ndara maalum mlangoni, za chumba hicho tu, na beseni la Jik la kukanyagia. Wiki mbili zimekwenda salama, mizizi myeupe pe. Asubuhi hii nimezikuta chooni, shemeji amekuja kututembelea. Naomba tena ile hesabu ya chupa na ndoo, fundi, leo nahamisha miche yote.