Naomba ushauri: tumeandikiwa barua ya hataza (patent) kutoka Marekani

kasi_ngongroad: Habari wadau. Tuko Nairobi, tuna programu ya simu inayompangia mkimbiaji mazoezi kwa kusoma mapigo ya moyo kwenye saa yake. Seva iko hapa. Wateja wengi wanalipia kwa M-Pesa, wachache wako Marekani. Wakili wa huko anadai tunakiuka hataza ya mteja wake na anataka tulipie leseni ndani ya siku 30. Tulipe, tufunge soko la huko, au tunyamaze?

sheria_southc: Msijibu neno lolote la kukiri, na msifute barua pepe wala historia ya msimbo. Kunyamaza nako si kinga. Tangu barua iwafikie mnahesabiwa mnajua, na korti ya Marekani inaweza kupandisha fidia hadi mara tatu kwa anayekiuka kwa makusudi. Ila hataza ya Marekani haivuki mpaka. Tafuteni KIPI (taasisi ya hataza ya Kenya) kama iko iliyosajiliwa hapa, au iliyopitia ARIPO (shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika) ikataja Kenya. Kama haipo, wateja wenu wa Kenya hawamo kwenye ugomvi huu.

dai_kwa_dai: Barua wekeni kando, someni madai yaliyo mwisho wa hataza, yaani sentensi zinazosema hasa kinacholindwa. Chukueni dai linalojitegemea (lisilorejelea dai jingine) mlikate vipande. Tuseme linasema: mfumo unapokea mapigo ya moyo kutoka kifaa kilichovaliwa, unayalinganisha na kiwango cha mtumiaji huyo, unabadilisha zoezi *likiendelea*. Programu yenu inabadilisha saa ngapi? Kama ni baada ya mtu kumaliza kukimbia, kipande cha tatu hakipo, na kikikosekana kimoja dai zima limeanguka.

Watasema "ni kilekile tu". Hapo fungueni faili la maombi, liko wazi kwenye tovuti ya ofisi ya hataza ya Marekani. Ikiwa neno "likiendelea" liliongezwa ili mkaguzi akubali, kwa kawaida hawawezi kudai tena kwa mlango wa nyuma walichokiacha (kesi ya Festo, 2002). Kagueni pia ada za kuitunza hataza: hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Wengine husahau, hataza ikafa.

kasi_ngongroad: Ratiba hubadilika usiku. Lakini toleo lijalo litabadilisha kasi papo hapo.

dai_kwa_dai: Basi toleo hilo lisifike akaunti za Marekani kwanza. Na seva kuwa Nairobi haitoshi. Katika kesi ya NTP dhidi ya RIM (waliotengeneza BlackBerry), 2005, kifaa kimoja cha mfumo kilikuwa Kanada. Madai ya *njia* (hatua za kufanya jambo) yalishindwa kwa sababu si hatua zote zilifanyika Marekani, ila madai ya *mfumo* (vifaa vinavyofanya kazi pamoja) yalisimama, kwa kuwa watumiaji walikuwa huko. Tazameni lenu ni lipi.

pingamizi254: Tafuteni pia teknolojia iliyotangulia, yaani ushahidi kwamba wazo lilikuwepo kabla ya maombi ya hataza. Polar, kampuni ya saa za mazoezi, walikuwa na kipima moyo kisicho na waya mwaka 1982, na miongozo ya saa za zamani ni dhahabu ikiwa na tarehe. Kupinga hataza mbele ya PTAB (bodi ya ofisi ya hataza ya Marekani) ni ghali, ada pekee zinapita dola 40,000, na mwisho ni mwaka mmoja tangu mkabidhiwe kesi, si barua. Kuiomba ofisi hiyo ukaguzi upya ni nafuu zaidi na yeyote anaweza kuomba. Hoja ya kesi ya Alice, 2014, kwamba wazo dhahania halistahili hataza kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta, msiitegemee peke yake: kampuni ya CardioNet, yenye hataza, walishinda rufaa mwaka 2020 kwa kifaa cha mapigo ya moyo.

Maombi ya kwanza ya hataza hiyo yaliwasilishwa lini? Wekeni tarehe hapa.