Ofa ya kununua hisa za kampuni ya chipu: tusalimishe, tuuze au tusubiri?

Wakuu, naomba ushauri. Kikundi chetu cha uwekezaji hapa Kirumba, Mwanza, kina hisa 340 za kampuni ya chipu iliyoorodheshwa Marekani. Kuna mnunuzi anayetoa dola 42 taslimu kwa hisa, kwa watakaosalimisha, yaani kumkabidhi hisa zao kupitia dalali kabla ofa haijafungwa. Sokoni leo ni 39.60, kabla ya ofa ilikuwa 31.

Hilo pengo la 2.40 si zawadi. Ofa ikifa na bei ikarudi 31, tunapoteza 8.60 kwa kila hisa, kwa hiyo soko linaipa ofa nafasi ya kama 78% ya kufanikiwa (8.60 kati ya pengo zima la 11, kutoka 31 hadi 42). Hofu yangu ni kibali cha serikali ya China, ambacho ununuzi wa namna hii unaweza kukihitaji. Qualcomm, kampuni ya chipu ya Marekani, ilitangaza kuinunua NXP, ya chipu pia, mwaka 2016 kwa dola 110 kwa hisa, ikapandisha hadi 127.50, na Julai 2018 ikaachana nayo kwa kukosa kibali hicho.

Sheria ya kule inataka ofa ibaki wazi angalau siku 20 za kazi, na aliyesalimisha hisa anaweza kujitoa kabla haijafungwa. Kwenye karatasi. Dalali wetu anafunga maelekezo siku 2 mapema, na hisa zilizosalimishwa haziuziki mpaka azirudishe. Ofa ikiongezewa muda, tumekwama kama dagaa waliokwishapimwa pale Mwaloni na mteja hajalipa.

Wenzangu wanataka kusalimisha zote. Mimi naona tuuze 200 sokoni sasa, 140 zisubiri. Waliopitia hili: kujitoa kupitia dalali wa nje huchukua siku ngapi? Na msiposalimisha, malipo ya muunganiko unaofuata (mnunuzi anapozichukua hisa zilizobaki) hufika lini?