Mjadala: Ukijua Mungu yumo ndani yako, ukiogopa ndo huna imani?

Wakuu habari zenu. Kuna kauli nakutana nayo kila mara, kwamba mtu anayejua Mungu anakaa ndani yake haogopi kitu na ukiona unaogopa basi imani yako ina walakini. Mi nakataa.

Uwepo wenyewe siubishii. 1 Wakorintho 3:16 inasema sisi ni hekalu la Mungu na Roho wake anakaa ndani yetu, Qurani 50:16 inasema yupo karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, sasa kama ni karibu hivyo basi hata moyo ukienda mbio na mikono ikatetemeka yumo humohumo, hajatoka nje kusubiri utulie ndo arudi. Hofu ni mwili jamani, ukistuka tu adrenalini (homoni ya kushtua mwili) ishamwagika kabla hujawaza lolote.

Mcheki Martin Luther King, yule mchungaji mweusi wa Marekani aliyepigania haki za weusi. Januari 1956 kule Montgomery, Marekani, mgomo wa weusi kususia mabasi kupinga ubaguzi umepamba moto na yeye ndo kiongozi, usiku anapigiwa simu ya vitisho, usingizi ukakata akaenda jikoni akachemsha kahawa huku anawaza ajitoe vipi. Mchungaji huyo! Akainamia meza akamwambia Mungu wazi kwamba anaogopa na nguvu zimemwishia, na hapo ndo akasikia sauti ndani yake ikimwambia asimamie haki. Siku tatu baadae nyumba yake ikapigwa bomu, akasimama barazani akatuliza watu waliojaa hasira. Angalia mpangilio: kukiri hofu kulitangulia.

Mimi niliwahi kusubiri majibu ya vipimo, nikaambiwa "ungekuwa na imani usingeogopa". Nikawa naogopa ugonjwa na namuogopa na Mungu juu yake, ukiwa ndani ya hali hiyo ni upweke mbaya sana. Kilichonisaidia ni kukaa kimya, kuvuta pumzi taratibu na kusema moyoni "upo hapa". Mikono haikuacha kutetemeka ila nilinyanyuka nikaingia kwa daktari.

Najua mtaniletea Zaburi 23, "sitaogopa mabaya". Sawa, ila someni na 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", siku ya hofu ipo na imetajwa wazi.

Sasa nyie mnaosema mwenye Mungu haogopi, yule anayetetemeka nje ya mlango wa daktari mnamwambia nini?