Ekseli ya nyuma: Hilux au Ford ya inchi 9?

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Mark II GX100, kila siku Tabata mpaka Posta, na Jumapili mojamoja naipeleka kwenye mbio za mita 400, barabara ikiwa imefungwa. Injini ya 1G ilishatoka, ndani kuna 1JZ turbo na gia za mkono. Majuzi draivu shafti ya kushoto (chuma cha kuzungusha gurudumu) ilikatika nikiondoka, na difu lenyewe (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) linalia kama mzinga wa nyuki. Nataka kung'oa mfumo wote wa nyuma nifunge ekseli nzima, nyumba moja ya chuma toka gurudumu hadi gurudumu. Wapo wanaosema ya Ford ya inchi 9 (kipimo cha gia kubwa ya difu), mimi naegemea ya pikapu ya Hilux. Nipingeni.

— Unaegemea ukuta mbovu, mkuu. Ford 9 ilianza kutoka mwaka 1957 na mpaka leo vipande vyake vinatengenezwa vipya. Pinyoni (gia ndogo ya difu) imeshikwa na beringi tatu, ya tatu iko kwenye ncha ya ndani kabisa, kwa hiyo mzigo ukija haikimbii kraunwili, ile gia kubwa. Agiza, funga, lala.

— Alale wakati mzigo uko bandarini? Beringi ya Hilux naipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kabla chai haijapoa.

— Mimi ni fundi, difu nimefungua mengi. Mnabishana inchi, hakuna aliyeuliza tairi. Chukua torki ya injini (nguvu ya kuzungusha), Nm 380, zidisha kwa gia ya kwanza 3.25, zidisha kwa uwiano wa difu 4.1: unavuka 5,000. Lakini ekseli inaupata mzigo huo pale tu tairi inapoing'ang'ania lami. Kwa tairi za kawaida na vumbi letu hili, gurudumu litazunguka bure kabla chuma hakijaumia. Funga tairi laini za mbio, achia klachi kwa kishindo, ndipo utasikia mlio. Hata hiyo shafti yako sidhani kama ilikatwa na nguvu za injini peke yake. Ni ule mshtuko.

Hilux ina raha moja: kichwa cha difu kinatokea mbele, hata Ford 9 iko hivyo. Unaweza kuwa na viwili, 4.1 cha mbio na 3.7 cha kwenda Morogoro. Pale ulipokuwa unakwenda na mizunguko ya injini 3,000 kwa 3.7, kwa 4.1 utakuwa 3,300, na mafuta utayaona. Kazi iko pembeni: Hilux ina stadi 6 za kufungia gurudumu, Mark II 5, na upana hauwiani. Ukikata nyumba ya ekseli, ifungwe kwenye fremu iliyonyooka ndipo ichomelewe. Nimeona zilizochomelewa kwa kukadiria kwa jicho. Beringi hazimalizi mwezi.

— Kwani lazima ekseli nzima? Toyota Chaser za turbo zilitoka kiwandani na difu kubwa kuliko hilo lako, na magurudumu ya nyuma yanajitegemea. Ukifunga ekseli nzima, gurudumu moja likiingia shimoni la pili nalo linainama. Kwa mita 400 ni sawa. Kwa matuta ya kila siku, mama watoto atashuka apande daladala.

— Chomelea spaida (gia ndogo za ndani) za difu hilo ulilonalo. Bei ya soda.

— (Fundi tena) Ndugu wa soda, ukichomelea, magurudumu mawili yanalazimika kuzunguka sawa hata kwenye kona. Kila kiplefti unalisaga tairi na kuipinda shafti, ambayo ndiyo imeshakatika. Mwenye gari, tujibu: tairi gani?

— Mkuu wa Ford hapa, nami nasubiri jibu hilo. Zikiwa za kawaida nanyamaza, Hilux itamtosha.

— Samahanini, nilikuwa kwenye foleni Buguruni. Sasa hivi ni za kawaida. Za mbio nimeshalipia, ziko kwenye meli.

— Haya. Agiza Ford.