Tupeane uzoefu: zile slaidi za picha tulizochoma kwenye DVD, ziko wapi leo?

Binti wa Kaloleni

Habari zenu wote. Mama yangu alizikwa Lang'ata mwaka 2009. Wiki ya matanga tulipekua kila kabati kutafuta picha zake, binamu akazipeleka kwa kijana mmoja wa saiba, yale maduka ya intaneti, pale River Road, na kesho yake tukaletewa slaidi za dakika 12 zenye nyimbo tatu za kanisani, zimechomwa kwenye DVD sita. Tulizionyesha ukutani kwa projekta ya kukodi. Watu walilia, kisha wakacheka ilipotokea picha ya mama na nywele zake za afro na suruali ya miguu mipana. Baada ya hapo kila mmoja akaenda na nakala yake.

Kati ya hizo sita nimepata mbili. Moja imekwaruzwa, inacheza hadi dakika ya saba inaganda. Nyingine haina hata mchubuko, lakini ukiitia kwenye mashine inazunguka, inakwaruza kama panya darini, halafu runinga inaandika hakuna diski. Albamu za karatasi zililoa paa lilipovuja wakati wa mvua za 2018. Kurasa zilishikana, na ukivuta picha sura inabaki kwenye nailoni. Kijana wa saiba hatujui alihamia wapi, na pale palipokuwa saiba siku hizi wanauza vipodozi.

Kwa hiyo sura ya mama akiwa msichana iko ndani ya diski mbili mbovu, basi. Naomba tupeane uzoefu. Nani amewahi kutengeneza hizi slaidi, au kutengenezewa, na mambo yalikwendaje? Kilichoharibika na kilichookoka, semeni yote.

Fundi wa Luthuli

Pole sana dada. Usitupe hata moja, na usipake dawa ya meno. Watu watakwambia upake, kataa. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe.

Nilianza kuchoma diski 2004 pale mtaa wa Luthuli, Nairobi, enzi ambazo DVD tupu zilikuja 50 zimepangwa kwenye mti mmoja ndani ya kopo la plastiki, na Desemba kopo moja haliishi siku mbili. DVD ya kuchoma ni vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja, kila kimoja unene wa milimita 0.6, na katikati yao kuna rangi ambayo leza inaiunguza. Ndiyo maana tunasema kuchoma. Rangi hiyo haipendi jua wala joto. Ukiiweka diski juu ya runinga karibu na dirisha miaka kumi, inafifia bila wewe kuona mkwaruzo wowote. CD ni tofauti: data yake iko juu kabisa, chini tu ya lebo, kwa hiyo anayeikwaruza upande wa maandishi ndiye anayeiua, ingawa sisi sote tulikuwa tunalinda upande unaong'aa.

Kosa ambalo nimelifanya mimi mwenyewe ni haraka. Jumamosi ya harusi mteja amesimama kaunta na suti yake, anataka nakala 30. Nilichoma kwa kasi ya 16x, DVD nzima inatoka kwa dakika sita hivi. Kwangu zilicheza vizuri. Jumatatu watu wanarudi: inakwama, picha inavunjika vipande vipande. Nikashuka hadi 8x, nikaacha diski za bei ya chini kabisa, na nikanunua mashine moja ya DVD ya bei rahisi kuliko zote mtaani nikaiweka kaunta. Kila nakala niliicheza mwanzo, katikati na mwisho kwenye hiyo, kwa maana mashine ya namna hiyo ndiyo mteja alikuwa nayo nyumbani. Hilo la kuijaribu kwenye mashine mbovu ndilo lililomaliza malalamiko.

Nikuulize dada: zile sita zilichomwa siku moja, kutoka kazi ileile? Kama ndivyo, hizo mbili ulizo nazo ni pacha kamili, na hapo ipo njia. Nijibu kwanza.

Mama Pacha

Ubatizo wa wanangu, 2012. Fundi alikuja kufanya kazi kwetu Kayole ili tumchagulie picha. Imefika asilimia 94, stima ikapotea. Diski ikafa, na ilikuwa ya mwisho aliyokuja nayo. Alirudi Jumapili na betri ya akiba pamoja na laptopu, akafanya kazi yote upya bila kuniongezea hata shilingi. Yangu bado inacheza. Ninaihifadhi ndani ya bahasha kwenye sanduku la vitenge, gizani.

Mpiga picha wa Umoja

Kilichoniponza mimi ni saa ya kamera. Harusi moja tulikwenda wapiga picha wawili, kamera mbili. Yangu ilikuwa na saa sahihi, ya mwenzangu ilikuwa imebadilishwa betri na saa ikarudi nyuma kwa zaidi ya saa tatu. Nikakusanya picha 600 kwenye folda moja, nikaambia programu izipange kwa muda zilipopigwa, nikachoma usiku nimechoka bila kutazama. Kwenye slaidi bi harusi yuko madhabahuni, kisha anavishwa shela nyumbani kwao, kisha anakata keki, kisha watu wanakula, kisha baba yake anamtoa mlangoni.

Huyo baba mzazi alikuja mwenyewe dukani. Hakugomba. Alisema tu, "Kijana, mimi nilimtoa binti yangu nyumbani asubuhi. Hapa umeonyesha nimemtoa baada ya kula." Ile sauti sijaisahau. Nilikaa siku mbili nikizipanga moja moja kwa mkono, nikamchomea upya na nakala kumi juu yake.

Tangu siku hiyo, kabla ya kazi, tunasimama na mwenzangu tunapiga picha ya simu moja inayoonyesha saa, kamera zote mbili. Zikipishana nitajua zimepishana kwa dakika ngapi.

Katibu wa Vijana

Yangu ni ya kuaga mchungaji aliyekuwa anahamishwa. Miezi miwili niliwafuata washirika kuomba picha, nikaskani za karatasi, nikapanga yote kwenye ProShow, programu ya kutengeneza slaidi, nyimbo zikaingia pale pale panapotakiwa. Asubuhi ya sherehe nikahifadhi kazi, nikachukua lile faili, nikalichoma kwenye CD, nikaenda ukumbini bila laptopu yangu.

Kufungua kwenye kompyuta ya ukumbi: muziki hakuna, picha hakuna, masanduku matupu. Wale mnaojua mmeshaelewa. Faili la kazi halina picha hata moja ndani yake. Ni kama karatasi ya maelekezo inayosema picha ya kwanza iko kabati lile, ya pili iko droo ile. Nilibeba karatasi, kabati likabaki nyumbani. Nilitoka mbio na boda hadi Kawangware kuchukua laptopu, niliporudi ombi la mwisho lilikuwa limeshafanywa na mchungaji anasindikizwa garini.

Aliitazama wiki iliyofuata, sebuleni kwao, katikati ya maboksi ya kuhama. Tulikuwa watu sita. Mkewe aliniomba nirudie mara tatu sehemu ya watoto wa Jumapili.

Jambo jingine kwa wenye kazi za zamani: kampuni iliyotengeneza ProShow ilifungwa Januari 2020. Kama una mafaili ya kazi na kompyuta inayoyafungua bado, yatoe yote yawe video ya kawaida leo hii, usingoje.

Niko Texas

Kaka alinitumia kwa mgeni DVD ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wetu. Mashine ya hapa ikaikataa kabisa, nikadhani imevunjikia njiani, nikalala na huzuni. Kumbe Kenya tulitumia PAL na Marekani NTSC, mifumo miwili tofauti ya picha za runinga, na mashine nyingi za huku hazikusoma PAL. Kwenye kompyuta ilifunguka mara moja. Anayechomea ndugu walio ng'ambo akumbuke kumwambia hivyo.

Mwalimu wa Dagoretti

Kila Novemba nilikuwa nawatengenezea darasa la nane slaidi za kuagana, miaka saba mfululizo. Mwaka wa kwanza niliweka majina ya watoto chini kabisa ya kila picha, nikaona yamekaa vizuri kwenye kompyuta. Wazazi walipocheza kwenye runinga zile nzito zenye kisogo, majina yamekatwa, na mtoto aliyesimama pembeni mwa picha ya darasa hayupo. Runinga zile zinameza ukingo wa picha pande zote. Mama mmoja aliniambia mwanawe ameuliza kwa nini ameondolewa. Hakuondolewa, alikuwa pale pale, runinga ndiyo iliyomficha. Mtoto hawezi kulielewa hilo. Mwaka uliofuata niliacha nafasi ya kutosha kila upande, na yule mtoto nilimpa picha yake ya karatasi.

Naomba kuuliza fundi: nina DVD zile zote saba, lakini picha zenyewe nilifuta kupata nafasi. Sasa wanafunzi wangu ni watu wazima, wananiomba za kuchapisha. Naweza kuzitoa kwenye DVD?

Fundi wa Luthuli

Mwalimu, utazitoa lakini zitakuwa ndogo, na hapa ndipo wengi tuliumia bila kujua. DVD ya video ya PAL ina upana wa nukta 720 na urefu wa nukta 576, haizidi hapo. Zidisha: ni kama nukta laki nne. Kamera ya nukta milioni nane ikiingia humo, inatoka sehemu moja ya ishirini. Kwenye runinga ile hukuona tofauti. Kwenye karatasi ya ukutani utaiona, nyuso zitakuwa kama zimepakwa ukungu. Chapisha ndogo, ya kutia kwenye pochi, itapendeza.

Tulichotakiwa kufanya ni rahisi mno, na inaniuma kwamba sikukifanya tangu mwanzo. DVD ina 4.7 GB. Slaidi za dakika 20 hazifiki hata 1.5 GB. Nafasi iliyobaki unaweza kuweka folda ya picha zenyewe, nzima, kando ya folda ya video, na mashine ya runinga itaipita bila shida. Nilipoanza kufanya hivyo, karibu 2013, wateja hawakuulizia. Sasa ndio hao wananipigia simu kushukuru. Maelfu ya diski nilizotoa kabla ya hapo zina video tu.

Na leo mkikusanya picha za matanga kwa WhatsApp, waambieni watu watume kama hati, si kama picha. Ikitumwa kama picha inabanwa njiani.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi sijui mambo ya nukta. Nina diski ya mume wangu, inacheza vizuri, picha safi. Juzi wajukuu waliiweka, wakaanza kuniuliza: huyu ni nani? Na huyu? Nikajibu, nikajibu, nikafika picha ya wanaume watano mbele ya gari la Peugeot, mume wangu ni wa pili. Wale wanne nilikula nao, nimewapikia, mmoja alinipeleka hospitali usiku nikiwa na mimba ya kifungua mimba. Majina mawili yamenitoka. Nilikaa na ile picha imesimamishwa hadi chai ikapoa. Moja kati ya hayo lilinijia usiku wa manane, nikawasha taa nikaandika.

Tengenezeni slaidi, lakini kabla ya kuchoma mketishe mzee mbele yake na kalamu. Hata kama ni mchovu. Mimi wakati wa matanga hakuna aliyeniuliza, walisema nisisumbuliwe, nipumzike. Ningependa kusumbuliwa.

Binti wa Kaloleni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Asanteni wote, na Mama Nesi, Mungu akutunze.

Fundi, zilikuwa pacha kweli, kazi moja siku moja. Umenielekeza kwa simu, na nimefanya hivi: mjomba alikuwa na kompyuta ya zamani stoo, ina mashine ya DVD nzito ya kuvuta kwa droo. Ile diski isiyo na mchubuko, iliyokataliwa kila mahali, hapo ilisomeka, polepole. Tukatumia programu ya bure inaitwa ddrescue. Inachukua kwanza kinachosomeka, inaandika kwenye daftari lake kila sehemu iliyogoma, kisha unaitia diski ya pili na inakwenda kujaza yale matundu tu. Usiku mzima. Nililala kwenye kochi la mjomba nikiisikia inazunguka, inasimama, inazunguka. Asubuhi palikuwa na dakika 12 za mama, pungufu ya sekunde chache kwenye wimbo wa pili, picha inaruka tu.

Nimezitoa picha zote 104 moja moja, nimeweka nakala tatu, moja kwa dada yangu Nakuru. Ndogo, kama fundi alivyosema. Haidhuru.

Jumapili nilimketisha shangazi na kalamu. Tumeandika 91. Ya 37 ni mama na wasichana wawili mbele ya ukumbi wa Kaloleni, mwanzoni mwa miaka ya 70. Mama yuko kushoto, katikati ni shangazi mwenyewe. Wa kulia ni mrefu, amefunga kitambaa cha madoa, ameshika sufuria kubwa yenye mfuniko, kiganja cha kushoto kimefungwa bandeji. Shangazi anakumbuka sufuria ilikuwa na pilau ya harusi na kwamba yule msichana alijiunguza akiiepua, lakini jina limempotea. Kama mzazi wako alikulia Kaloleni miaka ile, tafadhali muulize.