Mzigo unahama kwenye keria: nifunge kwa kitu gani?

Swali
Wakuu, salaam. Nataka kupanda na baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha barabara ya vumbi ya kwenda Mtae. Keria ni ya alumini, mwisho kilo 25. Mzigo ni hema, godoro la kukunja na begi la nguo, jumla kama kilo 12. Nikifunga kwa mipira yenye ndoano, begi linalala upande mmoja. Nifanyeje?

Jibu
Mkuu, achana na ndoano. Kila tairi likipiga shimo mpira unarefuka, begi linaruka na kutua pembeni kidogo. Mbaya zaidi, ndoano ikichomoka inadaka spoku na gurudumu linakwama ghafla.

Tafuta mikanda miwili ya nailoni yenye bizimu, isiyovutika. Hema chini, kwa urefu wa keria, begi juu yake. Mkanda mmoja mbele, mwingine nyuma, na kila mmoja uzungushe mara moja kwenye fito ya pembeni kabla ya kuupandisha, la sivyo utateleza. Juu yake kaza mpira wa tyubu kuukuu, upana sentimita 3, kwa mtindo wa X. Mkanda unazuia, mpira unakaza, kimoja hakitoshi.

Sasa shika begi ulitikise. Baiskeli nzima ikitikisika nalo, umefunga. Likicheza peke yake, fungua uanze upya.

Jibu
Kabla ya mikanda, kagua boliti za keria. Nyingi ni M5 (unene wa milimita 5), na za chini karibu na ekseli ndizo hulegea kwanza kwa sababu zimebeba uzito. Weka washa za springi, beba boliti mbili za akiba na ufunguo wa L wa milimita 4. Kaza tena baada ya kilomita 10 za mwanzo.

Begi lisogee mbele, karibu na kiti. Likining'inia nyuma ya ekseli, kwenye mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Mikia ya mikanda ichomeke ndani, isifike kwenye cheni.

Muulizaji
Shukrani sana. Mvua ikinyesha, mpira wa tyubu utashika?

Jibu
Ukilowa unateleza juu ya nailoni, ndiyo maana mikanda ni lazima. Uvute mpira juani uuangalie: ukiona nyufa ndogondogo, kata mwingine.